Deni la Joto

Jengo la Kemia lina makabati ya moshi arobaini na moja.
Nimeyahesabu kwa kidole, saa kumi na moja alfajiri,
ufunguo wa kila mlango kiunoni, chai imepoa mkononi.
Kila kabati huvuta hewa tuliyoipasha kwa gesi
na kuitema juu ya paa.
Shakwe wa Dundee si wajinga:
Januari nzima wamelala kando ya bomba letu,
matumbo yao yakiota joto la chuo kikuu.

Mwaka jana tuliwalipia shakwe pauni laki mbili.
Niliandika hivyo kwenye ripoti.
Morag Geddes, mhazini, akaizungushia wino mwekundu:
"Bwana Shekue, hii ndiyo lugha ya kamati?"
Nikafuta shakwe, nikaandika hasara.
Ndege wakabaki paani.

Kamati ilikaa Jumanne, watu tisa na sahani ya biskuti.
Nikawafungulia jengo kama mtu afunguavyo kinywa kwa daktari wa meno:
madirisha ya kioo kimoja ya mwaka sitini na tatu,
mabomba ya mvuke yaliyovuliwa shuka,
majokofu sabini yanayogandisha damu, mbegu,
na kopo la aiskrimu lisilo na mwenyewe,
nyuzi themanini chini ya sifuri.
Pauni milioni tatu na nusu, nikasema.
Biskuti zikaacha kutafunwa.

"Na dhamana?" akauliza kijana wa benki, soksi za manjano.
"Mtu akinunua basi, nalishika basi.
Akijenga ukumbi, nauona ukumbi.
Wewe unataka nikopeshe nini?"

Kisichotokea, nikamjibu.
Gesi isiyochomwa.
Feni inayolala wakati watu wamelala.
Bili inayoingia mlangoni imekonda.
Hiyo ndiyo itakayokulipa.

Akaandika kitu. Sikuona alichoandika.

Nimezaliwa Lushoto, baridi sikufundishwa na Uskoti.
Kwetu wanasema kukopa harusi, kulipa matanga,
na mama yangu alikufa hadaiwi hata njiti ya kiberiti.
Ningemweleza vipi mkopo
unaolipwa na kitu ambacho hakipo?

Profesa Laidlaw alisimama mlangoni, mikono kifuani:
"Ukizima hewa yangu siku moja, umezika miaka sita."
Hakukosea. Kuna kazi zinazokufa kwa saa moja.
Tukabishana hadi kiza, yaani hadi saa kumi jioni.

Aliyetuokoa ni Agnieszka, mwanafunzi wa ghorofa ya tatu,
anayevaa koti la kijivu juu ya koti jeupe.
Hakuja kwenye kikao. Hakualikwa.
Alikata karatasi za njano, akabandika kabati kwa kabati:
UKIONDOKA, SHUSHA KIOO.
Basi. Gundi na mkasi.
Mwezi ukaisha, mita ya ghorofa ya tatu ikashuka robo,
na mimi nikaipiga picha mara tano
nisije nikaambiwa nimeota.

Picha hizo ndizo zilizokwenda benki.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilitaka kumwambia kijana,
lakini hapa ukuta tunao; tunachokilipia kila mwezi ni ufa.
Akatoa fedha za ghorofa moja. Moja tu.
Itakachookoa kitaikarabati ya pili,
ya pili itaibeba ya kwanza na ya nne,
na Morag amechora mishale mingi
karatasi inafanana na ramani ya vita.

Mafundi waliondoka Ijumaa.
Usiku nikapanda ghorofa ya tatu, nikazima taa, nikasimama.
Miaka kumi na minane nimefanya kazi ndani ya ngurumo
nikidhani ndiyo sauti ya masikio yangu.
Sasa nasikia jokofu moja likijikohoza,
na mvua ya mto Tay kwenye vioo viwili.
Kimya hiki ndiyo awamu ya kwanza ya deni.

Juu ya paa shakwe wamesogea kwenye mabomba yaliyobaki,
wamebanana, wana hasira.
Mmoja alinitazama asubuhi kwa jicho la mtu anayedai.
Sikumlaumu.
Kwake yeye, mkopaji ni mimi.